Mwale Unapita kwa Bi Salima

Nilijua nimeharibu kazi nikiwa na yai mdomoni.

Ilikuwa Alhamisi, saa tano asubuhi, siku kumi na moja kabla ya Duara, mashine yetu ya chini ya ardhi, kuwashwa kwa nguvu zote. Nilikuwa kantini, mita mia moja themanini chini ya mwamba wa Iramba, ambako sote hushinda saa za jua kali. Huko juu, siku hizi, bati la saa sita linakaanga. Mpishi wetu, Yunis, alikuwa ameniwekea mayai mawili ya kuchemsha, viini vyake rangi ya chungwa lililoiva. Nikamsifia, nikamuuliza kayatoa wapi, maana yale yanayoletwa na lori hayana ladha. Akasema yanatoka Isalanda, kule mteremkoni, kwa mama mmoja wa Kinyaturu anayefuga kuku wa kienyeji.

"Isalanda hakuna mtu," nikamwambia.

Yunis aliendelea kufuta sahani. "Basi hao kuku wanataga, wanayapanga kwenye kikapu, wananiletea wenyewe."

Watu wa meza ya jirani walicheka. Mimi sikucheka. Cheti kinachosema Isalanda hakuna mtu kina mhuri wangu na sahihi yangu: Penina Gyunda, mpimaji ardhi, leseni ya daraja la kwanza.

Duara letu linazungusha myuoni. Myuoni ni ndugu mnene wa elektroni, mzito mara mia mbili na zaidi, na unene huo ndio uliotufanya tuchimbe mwamba. Elektroni ukiikunja kwenye duara hupoteza nguvu kila kona. Protoni haipotezi sana, ila ni furushi, na ukigonganisha mafurushi mawili hujui kipi kimegonga kipi. Myuoni ni kitu kimoja, na ana uzito wa kuhimili kona. Kwa hiyo duara la kilomita kumi, linaloenea chini ya mashamba machache ya alizeti, linafanya kazi ambayo kwa njia nyingine ingetaka duara la kilomita mia.

Ubaya wake ni mmoja tu: hufa. Akiwa ametulia anaishi mikrosekunde mbili na ushee. Ukipepesa jicho mara moja vizazi vyao karibu laki moja vimekwisha. Kinachotuokoa ni mbio. Akikimbia karibu na kasi ya mwanga, saa yake hupunguza mwendo, na maisha yake yakaonekana kwetu kama sehemu ya kumi ya sekunde. Hizo ni mbio maelfu za kulizunguka Duara. Halafu anakufa hata hivyo, na akifa anaacha elektroni moja inayobaki ndani kutuchemshia sumaku, na nyutrino mbili zinazokwenda zao moja kwa moja. Nyutrino hazijui ukuta wala mlima.

Kwa kawaida nyutrino hazimdhuru mtu. Matrilioni yanakupita ukiwa umekaa. Lakini sisi tunazizalisha kwa wingi, zote zikiangalia upande mmoja. Kwenye kona tumeziweza: kila sumaku imekalia jeki zinazoipandisha na kuishusha kidogo kidogo, mwale ukasambaa kama mtu anavyoyumbisha mpira wa maji juu ya tuta la mchicha. Kwenye sehemu zilizonyooka, pale myuoni wanapogongana, huwezi kuyumbisha kitu. Mwale unatoka ardhini mahali pamoja, upana wa mkeka, mwaka mzima. Mahali hapo tunapaita tundu. Tunayo manne, na la pili ni Isalanda, kilomita ishirini na saba magharibi, pale uwanda unapoporomoka kuelekea mbuga ya Wembere.

Sheria ni fupi. Kwenye tundu asiishi mtu. Akiwepo, aelezwe yote, kisha atoe ridhaa kwa kinywa chake mwenyewe. Akikataa, sehemu ile igeuzwe, na kuigeuza ni miaka minne ya kuchimba upya.

Mashine inayohesabu paa kutoka angani ilisema Isalanda hakuna bati, hakuna kigae, hakuna nyasi zilizoezekwa. Lakini sisi wapimaji tuna kanuni ya zamani: kilomita ya mwisho hutembewa kwa miguu. Mimi siku ile viatu vilinibana na maji yalikuwa yameniishia. Nikasimama juu ya ukingo, nikapiga darubini. Niliona udongo mtupu, majani makavu, na kuku kama kumi na watano wakiparua.

Kuku niliwaona. Hapo ndipo ninapojichukia. Mtu wa mkoa mwingine angejiuliza hao kuku ni wa nani. Mtu aliyezaliwa Singida, ambako kuku wa kienyeji wamejaa kila njia, akiona kuku anahesabu kuwa hajaona kitu.

*

Kesho yake nilifika mteremkoni kabla jua halijapata nguvu, kwa miguu, kilomita zote nne kutoka barabarani. Kipimo mkononi kilinionyesha nimebakiza hatua thelathini, kisha kumi, kisha nimefika. Nilizunguka pale juu ya majani nikitafuta nyumba. Hakukuwa na nyumba.

"Wewe uliye juu ya paa langu," sauti ikatoka chini ya miguu yangu. "Nyinyi Wanyiramba siku hizi ndivyo mnavyopiga hodi?"

Lilikuwa tembe. Limechimbwa kwenye mteremko, mgongo wake umelingana na ardhi, paa lake ni magogo, fito na udongo ulioota majani. Bibi yangu mzaa mama alifia ndani ya nyumba ya namna hii, na mimi utoto wangu nilicheza juu ya paa lake hadi nikachapwa. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini mimi ilibidi niambiwe na yai.

Nilishuka nikamwamkia: shikamoo, mama wa Kinyaturu. Alikuwa mwanamke wa miaka sitini hivi, mrefu, kanga kiunoni, kifaranga mmoja kakaa begani kwake kama mwenye nyumba. Akaitikia marahaba, akajitaja kuwa Salima Hango, akaniuliza vipi nimemjua kuwa ni Mnyaturu. Nikamwambia yeye ndiye aliyenijua kwanza kuwa ni Mnyiramba. Akasema Mnyiramba hujulikana kwa kukanyaga asichokitazama. Nilicheka, na ndani yangu kitu kikanichoma, kwa sababu ilikuwa kweli tupu.

Ndani mlikuwa na ubaridi mzuri. Alinieleza kuwa miaka sita iliyopita alikuwa mjini, kwenye nyumba ya bati, na mayai yake yakawa yanaharibika kwa joto kabla kuku hajayaatamia. Akakumbuka nyumba ya mama yake. Akaja huku, akawaita mafundi wawili wazee ambao bado walijua kupanga fito, akajenga. Ukutani alitoboa vishubaka, na kila kishubaka kina chungu, na kila chungu kina kuku aliyetulia juu ya mayai yake. Walikuwa arobaini na mmoja. Walinitazama wote kwa jicho moja moja.

Niliomba ruhusa ya kupima nyumba, nikasema nakagua mipaka ya eneo. Kipimo kilinichorea mstari. Mwale utaingia kwa ukuta wa mashariki karibu na mtungi wa maji, utapita juu ya mto wa kitanda chake, utakata safu mbili za vishubaka, utatokea mlangoni na kwenda zake Wembere. Bi Salima aliniuliza mipaka ikoje. Nikamwambia iko sawa.

Alinichemshia mayai, akanifungia mengine sita ya njiani. Watu husema njia ya mwongo ni fupi. Siku ile zile kilomita nne za kurudi barabarani hazikuisha.

*

Dakta Elieza Msengi, mkuu wa Duara, nilimkuta kwenye ukumbi wa kupoza. Hapo ndipo alipotumia miaka ishirini na mmoja ya maisha yake, na hata baada ya kupewa ofisi yenye zulia bado huja kukaa kwenye kiti cha plastiki pembeni ya mapipa.

Kuwapoza myuoni si kuwapa baridi. Myuoni wanapozaliwa hutoka hovyo kama watoto wa shule kengele ikilia, kila mmoja na upande wake na mwendo wake. Kundi la namna hiyo huwezi kuligonganisha na lingine, litapishana tu. Kwa hiyo tunawapitisha kwenye mapipa ya haidrojeni ya majimaji, wanapunguza mbio za kila upande, kisha tunawasukuma tena kwa umeme kuelekea mbele tu. Pipa, msukumo, pipa, msukumo, mamia ya mara, mpaka kundi linakuwa jembamba kama uzi. Yote hayo kabla hawajafa. Watu wengi wenye akili kuliko sisi walisema haiwezekani, na Dakta Msengi aliwajibu kwa kukaa hapa miaka ishirini na mmoja.

Nilimweleza yote, yai mpaka paa. Hakunigombeza. Alitoa kalamu akaandika namba nyuma ya bahasha, akanisukumia. Kwa mwaka mzima, mtu akilala palepale bila kuondoka, mwale utamwongezea mnururisho, yaani mionzi inayoingia mwilini, usiozidi sehemu moja kati ya mia mbili ya ule anaoupata tayari kutoka angani na kwenye mawe ya nchi hii. Namba nilizijua. Ni kweli, nami naziamini mpaka leo.

"Asingeujua," akasema. "Na usingemdhuru."

"Ndiyo, Dakta."

Halafu akaja na wazo lake, na wazo lenyewe lilikuwa la huruma, ndiyo maana lilinitia majaribuni. Tumjengee Bi Salima nyumba mpya, kilomita mbili kusini, nzuri, yenye kisima na mashine ya kutotolea vifaranga. Tuseme ni mradi wa kuinua wafugaji. Atahama kwa furaha. Tundu litakuwa tupu kweli, cheti changu kitakuwa cha kweli, watu mia tatu wanaofanya kazi hapa hawatapoteza miaka minne. Dakta mwenyewe alikuwa amebakiza miwili astaafu. Hilo hakulisema. Nilimwona tu akilitazama pipa lililokuwa karibu naye.

Nilimuuliza, je, akikataa nyumba mpya? Akasema nani akatae nyumba yenye kisima. Nikamwambia yule ameikimbia nyumba ya bati kwa hiari yake. Dakta Msengi alisugua paji la uso kwa muda mrefu.

"Mhuri ni wako, Penina," akasema mwishowe. "Mimi sitakuamuru kusema wala kunyamaza. Nitaishi na utakachofanya."

Ningependa kusema niliamua palepale. Sikuamua. Nilikaa siku mbili na lile wazo la nyumba mpya, nikiligeuza, na kila nikiligeuza lilizidi kuwa zuri. Kilichoniharibia ni yale mayai sita. Nilikuwa nimeyaweka mezani kwangu, na kila nikitaka kula moja nilikumbuka kuwa nimepewa na mtu niliyemwambia mipaka iko sawa. Siku ya tatu niliyachukua nikarudi nayo Isalanda.

*

Bi Salima aliyatazama mayai yake, akanitazama mimi. Aliuliza kama yameoza. Nikasema hapana, ila sikustahili kuyapokea, na nikamwambia kwa nini. Nilieleza nikiwa nimesimama, kwa sababu niliona aibu kukaa kwenye kigoda chake. Nilimweleza Duara, tundu, mstari, mto wa kitanda. Nilimweleza namba ya Dakta Msengi bila kuipunguza wala kuiongeza. Nilimweleza pia habari ya nyumba mpya na kisima, kwamba ulikuwa uongo tuliokaribia kumtendea. Mwisho nikamwambia akikataa, kazi itasimama miaka minne, na kwamba hilo lisimsumbue, kwa maana kosa ni langu.

Alisikiliza huku akichambua mtama. Halafu akaanza kuuliza, na maswali yake yalikuwa makali kuliko ya kamati iliyonipa leseni. Aliuliza nani alishawahi kulala kwenye mwale kama huo. Nikasema hakuna, hili ni Duara la kwanza la aina yake. Akauliza basi hizo namba mmezitoa wapi. Nikasema kwenye hesabu, na kwenye vipimo vidogo vilivyokubaliana na hesabu. Akauliza tunatafuta nini huko chini. Nikasema kuna chembe inayovipa vitu vingine uzito, na tunataka kuzitengeneza nyingi tuone zinavyogusana zenyewe kwa zenyewe, kwa sababu hapo pengine ndipo palipofichwa jibu la kwa nini dunia ipo na haikutawanyika. Akasema hilo ni swali zuri, na kwamba yeye pia hujiuliza.

Kisha akauliza hao wanaokimbia ni akina nani hasa. Nikamwambia habari ya myuoni, jinsi anavyozaliwa, anavyopozwa, anavyokimbia, na maisha yake yalivyo mafupi.

"Kwa hiyo kinachopita hapa kwangu ni nini?"

"Ni kile kinachotoka kwao wakifa, mama."

Mikono yake iliacha kuchambua. "Wote hao wanakufa, na wanapita hapa?"

"Sehemu yao. Ndiyo."

Alimtuliza kuku mmoja aliyelalamika ndani ya chungu. "Mimi msiba ukipita barabarani nasimama," akasema. "Hata kama simjui marehemu. Natua mzigo, nasimama mpaka upite. Nimelelewa hivyo, na wewe umelelewa hivyo."

"Ndiyo, mama."

"Sasa mlitaka upite juu ya kichwa changu nikiwa nimelala, bila hata kuambiwa. Ningesimamaje?"

Machozi yalinitoka, na sioni haya kusema. Bi Salima aliniacha nilie kwa muda unaostahili, kisha akanisukumia kigoda kwa mguu, nikakaa.

Ridhaa aliitoa siku ileile, mbele ya kinasa sauti, kwa kinywa chake. Alisema amesikia, ameelewa, na mwale upite. Kitanda hakitahama, kwa sababu upande ule ndio unaopata upepo. Aliweka masharti mawili. La kwanza, kila siku Duara litakapowashwa, ajulishwe kabla, si na mashine, bali na mtu. La pili, kuwasha kucheleweshwe wiki moja ili ahamishe zile safu mbili za vyungu kwenda ukuta wa kusini.

Nikamwambia hesabu zinasema vifaranga nao hawatadhurika.

"Sawa," akasema. "Mimi nimeridhia. Wao hawajaulizwa."

*

Vyungu tulivihamisha pamoja, mimi na yeye na Yunis, ambaye alikuja kwa ajili ya kuonyesha kuwa mayai yake yalisema kweli. Kuku anayeatamia hataki kuhamishwa. Nina kovu kwenye kidole gumba cha kushoto, na nikiulizwa nasema nilipata ajali kazini.

Kamati ya leseni ilinisikiliza kwa saa moja. Nilisoma cheti changu cha kwanza kwa sauti, nikaonyesha pale nilipopaswa kutembea nikapiga darubini. Walichukua mhuri wangu kwa miaka miwili. Ilikuwa haki, na nilishangaa jinsi nilivyotoka mle ndani nikiwa mwepesi. Dakta Msengi alikuwa ananisubiri nje. Akaniambia kuna nafasi moja mpya ambayo haihitaji mhuri, ila inahitaji mtu ambaye Bi Salima atapokea simu yake. Kwenye orodha ya kazi inaitwa Mjulishaji. Nimeifanya hadi leo, na kama kuna mtu analala vizuri kuliko mimi katika Iramba nzima, sijakutana naye.

Siku ya kuwasha ilifika, imechelewa wiki moja kwa ajili ya kuku. Wageni walikuwa wamejaa kwenye chumba cha uongozi, wengine kutoka mbali, suti zao zimebana, wote macho kwenye ukuta wa namba. Ilikuwa saa mbili asubuhi. Sumaku zilikuwa tayari, mapipa yalikuwa tayari, jeki zote ziliitika. Kwenye orodha ya hatua za kuwasha, iliyoandikwa kwa maneno makubwa juu ya kioo, hatua ya kwanza kabisa ilikuwa mpya: *Mjulishe Bi Salima Hango.*

Nilipiga. Simu iliita mara sita. Mgeni mmoja alinong'ona kuuliza tunasubiri nini, na mwenzake akamnong'oneza kuwa yuko mama mmoja. Simu ikapokelewa, nikaiweka kwenye spika kama sheria inavyotaka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Ndiyo leo?"

"Ndiyo leo. Tukiruhusiwa, ni sasa hivi."

"Ngoja kwanza."

Tulimsikia akitua kitu kizito, pengine ndoo. Tulimsikia akifukuza kuku mmoja mlangoni na kumtajia jina ambalo nisingelirudia mbele ya wageni. Halafu tulisikia pumzi ya mtu anayejinyoosha mgongo. Watu mia tatu na wageni wao walisubiri. Mashine ya miaka ishirini na mmoja ilisubiri.

"Haya," akasema Bi Salima. "Nimesimama."

Dakta Msengi alikuwa ameketi mbele ya kitufe. Alisukuma kiti chake nyuma, akainuka, akavua kofia yake. Yunis akainuka. Kisha nikasikia viti vikisogea chumba kizima, safu baada ya safu, hata wale wageni ambao hawakuelewa kwa nini.

"Wapitisheni," akasema Bi Salima kwenye simu.

Dakta Msengi akabonyeza.